Picha Idara Hii, Maneno Idara Ile

Kwako Bi Arkwright wa ukurasa wa ushauri wa Alhamisi,

Nakuandikia nikiwa ndani ya duka la kufulia nguo karibu na stesheni, nguo zangu zinazunguka na mvua inateleza kwenye kioo, na kwa kuwa sijui pa kuanzia nitaanza na bibi yangu, maana mambo haya yote yametoka kwake ingawa yeye hana kosa.

Sisi nyumbani tunamwita Nana. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa akifanya kazi zamu ya jioni, nami nilibaki kwa Nana pale Todmorden, na kila jioni ikifika saa ya ile tamthilia ya wanakijiji na baa yao, Nana aliwasha televisheni, akachukua rimoti, akazima sauti yote, kisha akafungua riwaya moja nene ya zamani, ya mjane anayeishi peke yake katika nyumba yenye madirisha mengi, akaanza kunisomea. Alisema wale wa kwenye televisheni sura zao ni nzuri lakini maneno yao ni pumba, na yule mwandishi maneno yake ni mazuri lakini amekufa bila kutuachia picha, kwa hiyo tuwasaidie wote. Basi mimi nimelala juu ya zulia, moto wa gesi unanichoma miguu, mwenye baa anafungua mdomo, na kinachotoka ni sauti ya mjane akiuliza ni nani aliyewasha taa chumba cha juu. Mara nyingi picha na maneno havikulingana hata kidogo, mtu anapangusa glasi huku mjane anaandamana na jeneza, lakini kuna nyakati vilikutana vyenyewe, mjane akasimama dirishani na mule kwenye kioo cha televisheni mwanamke fulani naye akasimama dirishani, na Nana akanyamaza, akaninong'oneza, "Umeona hiyo, kipenzi?" Niliona. Kwa miaka mingi niliamini kwamba vitabu vyote ndivyo vinavyofanya, vinatafuta mdomo wa kusemea.

Ndiyo maana nilipokwenda chuo nilichagua shahada ya pamoja, fasihi ya Kiingereza na masomo ya vyombo vya habari, na wala sikuona kwamba nimechagua vitu viwili. Niliambiwa ni viwili nilipofika. Idara ya fasihi iko juu kilimani kwenye jengo la mawe lenye ngazi zinazolia, na idara ya habari iko chini kando ya maegesho kwenye jengo la kioo, na kati yake kuna njia ndefu yenye miti ambayo asubuhi hujaa ukungu, na nikikuambia ukweli, Bi Arkwright, ni katika ukungu ule tu ninapokuwa na raha, nikitembea huku mjane wangu ananifuata upande mmoja na mwenye baa upande wa pili. Nikifika juu wenzangu huniuliza, "Umetoka kutazama televisheni?" na nikifika chini huniuliza, "Vipi makaburini kwa waandishi wako?" kwa hiyo nimezoea juu kutoitaja ya chini, na chini kutoitaja ya juu.

Sasa kosa langu. Muhula huu nilitengeneza kitu kimoja ambacho nilikipenda kuliko chochote nilichowahi kufanya. Nilirekodi picha hapa hapa dukani, milango ya duara ya mashine, mashuka yanavyopanda na kuanguka, nyuso za watu wanaosubiri bila kujua kwamba wanasubiri, na juu ya picha hizo nikaandika maneno ya kusomwa, kuhusu mjane na madirisha yake. Kilikuwa kitu kimoja. Lakini kanuni zinasema kazi moja haiwasilishwi mara mbili, nikaogopa nitaitwa kwenye kamati ya nidhamu kwa kujinakili mwenyewe, nikakikata. Picha bila sauti nikampa Declan, mwalimu wangu wa idara ya habari, na maneno bila picha nikampa Rosamund, mwalimu wangu wa fasihi.

Declan akaniambia, "Picha zako zinaota, ila hazijui zinaota nini. Acha kujificha kwenye vitabu." Rosamund akaniambia, "Unaandika kama mtu anayetazama kitu nyuma ya bega langu, na mimi nikigeuka sikioni." Kisha akavua miwani, akasema kwa upole kabisa, "Wewe una kipawa. Achana na ile nyingine uje kwetu mzima mzima. Nipe jibu Ijumaa, kabla hatujafunga chuo kwa Pasaka." Ijumaa hiyo ni siku moja tu baada ya gazeti lako kutoka.

Ningekwisha kumjibu kama si chakula cha Jumapili iliyopita kwa Nana. Mjomba wangu Desmond alikuwa akimimina mchuzi juu ya viazi, akaanza.

"Haya, msomi, ukihitimu tukuiteje? Daktari wa rimoti? Televisheni ikikwama tukupigie?"

Nikasema, "Mimi nasoma Kiingereza, mjomba."

"Kiingereza! Mama yako alinihakikishia ulianza kukisema kabla hujaota meno. Kumbe ulikuwa na deni la darasa!"

Watu wakacheka, hata mimi. Nana hakucheka. Siku hizi macho yake yana ukungu, hawezi kusoma tena, hukaa karibu sana na televisheni na huiacha ikinguruma. Aligeuka upande wangu, akauliza, "Na ile nyingine, kipenzi? Ile ya picha?"

Nikasema, "Nimeshaiacha, Nana."

Sijaiacha. Sijui kwa nini nilisema hivyo, nadhani nilitaka Desmond anyamaze. Nana aligeukia televisheni yake. Alipapasa kwenye kiti mpaka akaipata rimoti, akaongeza sauti.

Tangu siku hiyo nikilala naiota sebule ile, midomo inafunguka, na hakuna anayesoma. Nishauri, nimkubalie Rosamund au nibaki na nusu zangu mbili ambazo kila mtu anasema zina upungufu?

Mimi,
Wa Njia ya Katikati

*

Wewe wa Njia ya Katikati,

Toa nguo kwenye mashine kwanza, kuna mtu anasubiri. Sasa kaa unisikilize.

Barua yako niliisomea mezani, redio ikiwa imewashwa, na nilipofika pale mwenye baa anapofungua mdomo na mjane akazungumza, niliinuka nikaizima redio. Mimi siizimi redio yangu ovyo. Kwa hiyo tusipoteze muda kujadili kama una kipawa. Unacho, na umekitendea vibaya.

Unasema una nusu mbili zenye upungufu. Nani alizifanya nusu? Ulikuwa na koti zima. Ukalipasua mgongoni, ukampa Declan upande wa kushoto na Rosamund upande wa kulia, kisha unakuja kwangu ukishangaa mbona wote wawili wanalalamika baridi. Soma tena walichokuambia. Mmoja anasema picha hazijui zinaota nini. Mwingine anasema maneno yanatazama kitu ambacho yeye hakioni. Mtoto wewe, hao hawapingani! Kila mmoja amekuelekeza, bila kujua, kwenye kabati la mwenzake. Hujawahi kupata wasahihishaji waaminifu kama hao, nawe umeyachukua maneno yao kama hukumu.

Na hiyo kanuni uliyoiogopa haikukataza ulichotaka kufanya. Inakataza mtu kuuza mzigo mmoja kwa wateja wawili kwa siri. Kuwaita wateja wote wawili mchana kweupe na kuwaambia, "Mzigo ni huu, mmoja, naomba mniongoze pamoja," hilo ni jambo jingine. Uliwauliza? Barua yako ni ndefu na sikuona popote ulipouliza. Umepanda na kushuka kile kilima kwa muda wote huo, na hukuwahi kumwambia mtu wa juu kwamba kuna mtu wa chini.

Sasa nina maneno na wakubwa, maana najua wanausoma ukurasa huu wakijifanya wanatafuta hali ya hewa.

Bi Rosamund, hizo riwaya unazozilinda kama vyombo vya harusi, nyingi zilitoka vipande vipande kwenye magazeti na majarida ya bei rahisi, karibu na matangazo ya sabuni na dawa za kikohozi. Wasomi wa siku hizo walizicheka. Walisema zinawapumbaza wanawake na kuwaharibu vijakazi. Ni maneno yale yale ambayo leo yanasemwa juu ya tamthilia ya jioni. Kitabu kilianza maisha yake kikiwa chombo cha habari, na ukimfukuza mwanafunzi huyu kutoka jengo la kioo unamfukuza kutoka kwa mababu wa somo lako mwenyewe.

Nawe Bwana Declan, usichekelee. Kila picha iliyowahi kukutoa machozi iliandikwa kwanza na mtu aliyekaa peke yake akitafuta neno. Anayekwenda vitabuni kulitafuta neno hilo hajajificha. Amekwenda kazini.

Desmond nimemwacha mwisho kwa sababu ndiye mwepesi. Mjomba wako hukaa mbele ya kioo cha televisheni kila jioni. Kioo humwambia amchukie nani, ampigie nani kura, anunue soseji gani, na wimbo wa hizo soseji anauimba bafuni. Halafu anamcheka mtu wa pekee katika ukoo mzima aliyekwenda kujifunza jinsi kioo hicho kinavyomwingia kichwani. Na Kiingereza nacho anakisema tangu utotoni, sawa, hata mapafu anayo tangu utotoni, na siku yakimsumbua hatakwenda kwa yeyote anayepumua, atakwenda kwa aliyeyasomea. Mwambie hivyo. Ukishindwa, mkatie ukurasa huu umwekee chini ya sahani.

Sitakudanganya kwamba njia hii ni laini. Anayesoma idara mbili huwa mgeni katika zote mbili, hualikwa sherehe mbili na kusahauliwa katika zote, na kuhusu kazi utakayopata baadaye sijui, wala hao wanaojifanya wanajua hawajui. Ungekuwa umechoshwa na picha, ningekwambia nenda kwa Rosamund ukaishi kwa amani. Lakini hukuniandikia kwamba umechoka. Umeniandikia kutoka ndani ya lile duka la kufulia, ukiwa bado unaitazama milango ya duara.

Kesho ni Ijumaa. Panda kilimani ukamwambie Rosamund asante, na hapana. Mwambie hayo kabla hajavua miwani, maana akishaivua utalainika. Kisha muombe ashuke nawe. Ndiyo, yeye, kwa miguu yake, kwenye ukungu wako. Mkalishe karibu na Declan kwenye chumba chenye kioo kikubwa cha kuonyeshea picha, weka picha zako bila sauti, simama kando, usome maneno yako. Usitoe utangulizi. Usiombe radhi. Ukimaliza ndipo uwaambie kwamba hii ndiyo kazi unayotaka kuimaliza mwaka ujao chini yao wote wawili. Wakikataa, omba tena kwa wakuu wao, na unidokeze majina, nina nafasi tupu kwenye ukurasa.

Lakini yote hayo ni madogo. Jambo lililoniuma katika barua yako si chuo.

Bibi yako alibuni somo lako lote pale sebuleni, kwa rimoti na kitabu cha zamani, kabla ya chuo chochote kukupa kiti. Akakuuliza swali moja, nawe, kwa sababu ya kicheko cha mtu anayemimina mchuzi, ukamwambia umekiacha alichokupa. Naye hakubishana. Aliongeza sauti, kwa sababu macho yamemwishia na msomaji wake alikuwa amekaa pale pale, akitafuna viazi.

Jumapili nenda mapema. Usianze na hotuba ya kuomba msamaha, wazee wa Todmorden hawaipendi, watakukatiza kukuuliza kama umekula. Kaa karibu na kiti chake. Itoe rimoti mkononi mwake taratibu, uzime sauti yote. Mwambie kuna nani kwenye kioo na anafanya nini, maana sasa wewe ndiye macho. Kisha fungua riwaya ya yule mjane pale mlipoishia, usome.

Desmond atauliza hiyo ni shahada gani. Usimjibu. Fungua ukurasa unaofuata.