Jamaldin Kwenye Mlango wa Miamba

Jumatatu, 22 Februari 1965

Siku ya nne ya fungate yetu! Khairiya mke wa Jamaldin — nimeliandika jina hili mara tatu, na kila mara linapendeza.

Leo amebisha Bwana Ogutu, mpiga sinema kutoka Nairobi. Anataka picha ya mlango wa bahari, pale miamba ilipopasua meli nyingi zamani. Kaambiwa rubani wa kuipitisha motaboti pale ni mmoja — mume wangu! Lakini somo wangu, Bi Mwanakuu, anayetulinda fungate nzima, akamjibu dirishani: bwana harusi hatoki fungate, bahari haihami, arudi Ijumaa. Ogutu akasema Ijumaa atakuwa kwenye gari la moshi. Basi atamchukua Chonga, baharia wa motaboti hiyo. Chonga! Juzi tu kagonga gati.

Jumanne, 23 Februari

Nimemwambia Jamaldin aende. Nataka kumwona sinema, mkubwa kama ukuta! Akacheka: mke gani amfukuza mume siku ya tano? Mke anayejua alichokipata, nikamjibu. Bi Mwanakuu amenuna, hata haluwa hataki.

Jumatano, 24 Februari

Asubuhi. Ametoka! Shati jeupe, nimelipiga pasi mwenyewe. Nimepanda darini na darubini ya baba mkwe. Kapita katikati ya miamba kama mtu avukaye sebule yake. Moyo wangu!

Saa nane. Amerudi kula, uso si wake. Ogutu hakuridhika. Eti bahari imetulia mno, hatari haionekani, watu wa bara watadhani ni bwawa. Apite tena maji yakipwa, jirani kabisa na jiwe, povu lionekane. Asipotaka, Chonga yuko tayari.

"Wasemaje, Khairiya?"

Mimi! Niliyemsukuma atoke! Nikasema, "Rubani ni wewe. Sinema nitaiona siku nyingine." Akamaliza wali wake wote.

Saa kumi. Wametoka tena, naandika hukuhuku darini. Jiwe limetokeza, jeusi. Motaboti imetia nanga mbali nalo. Ogutu anaonyesha jiwe kwa kidole. Anaonyesha tena. Jamaldin ameketi, kaligeuzia mgongo.

"Yuafanyani?" Bi Mwanakuu huyo, kapanda ngazi zote!

Ameketi, Bi.

"Nipa hiyo darubini!"

Sitoi. Chonga ameinuka, anaufuata usukani — lo! Mkono wa usukani, ule mti wa kuushikia, haupo. Jamaldin kaung'oa. Kaupakata kama mtoto, na Chonga hana cha kushika!