Abiria Kumi na Tisa, na Binti Yangu Hayumo

Mpendwa Bi Penina, naomba msaada wako, na naomba pia usilitaje jina langu redioni, ingawa najua mtu yeyote wa upande wetu huu wa kisiwa cha Savai'i, hapa Samoa, akisikia tu neno pikapu atamgeukia mwenzake wacheke, kwa hiyo bora nikueleze yote mwenyewe kabla hujaelezwa na wao.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, nina mke, Pisila, na binti mmoja, Lagi, wa miaka minane, na mpaka mwaka juzi tulikuwa tukiishi Auckland, New Zealand, nikifanya kazi ghalani, na kule, Bi Penina, mtoto haachiliwi hivihivi, unamshika mkono mpaka getini, unamkabidhi kwa mwalimu, na mchana unamsubiri palepale getini kama mtu anayesubiri mzigo wake uwanja wa ndege, na mimi nililizoea hilo na nikalipenda. Sasa asubuhi moja tukiwa njiani nilimwachia mkono kidogo tu nipokee simu, jambo ambalo Pisila halijui hadi leo, na gari likatoka kinyumenyume kwenye uwanja wa nyumba ya watu likampiga, yaani halikumpiga yeye, lilipiga mkoba wake, mkoba ukaruka, chakula kikatapakaa barabarani, naye akaanguka kitako, akainuka, akaniuliza mchana atakula nini. Yeye alisahau siku ileile. Mimi mpaka sasa nikifumba macho nauona ule mkoba ukiwa hewani.

Baba yangu alipofariki tukarudi nyumbani kuishi na mama. Shule iko karibu kiasi kwamba ukisimama mlangoni kwetu unasikia ule mtungi wa gesi wanaougonga badala ya kengele, na watoto wote wa upande wetu huenda kwa miguu, kundi moja, mbele akiwa Leitu, binti wa dada yangu, ana miaka kumi na miwili, ameshika fimbo ya kufukuzia mbwa. Asubuhi ya kwanza Leitu alikuja kumchukua Lagi, nikamwambia asante, mwenzako ataenda na gari. Mama alikuwa amekaa anamenya shelisheli. Akaniuliza, "Mguu unamuuma?"

Nikamwambia, "Haumuumi, mama."

"Sasa gari la nini?"

"Barabarani kuna magari."

"Yapi? Gari la asubuhi hapa ni lako peke yako."

Nikawasha pikapu, tukaenda, dakika tatu tukawa shuleni. Wiki mbili mambo yakawa mazuri. Kisha siku ya mvua nikawakuta watoto wa mchungaji wamejifunika jani la mgomba, na wewe unajua huku kwetu huwezi kuwapita watoto wa mchungaji kwenye mvua halafu Jumapili ukaketi kanisani na kuimba, nikawapakia. Kesho yake jua liliwaka, lakini walikuwa wamesimama palepale wakinisubiri, pamoja na wa jirani yao. Baada ya hapo akinamama wakaanza kuwaleta watoto mlangoni kwangu na chai wanakuja kuinywea kwa mama, na bibi wawili wenye magunia ya magimbi, wanaowahi basi la kwenda sokoni Salelologa, wakajiwekea nafasi ya mbele, na mzee mmoja siku moja akanipa nguruwe, amefungwa miguu, akasema mshushe kwa shemeji yangu, yuko njiani. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa na watoto kumi na tisa. Safari ya dakika tatu ikawa ya dakika arobaini, kwa sababu kila nyumba ninayopita mtoto bado anasukwa nywele, mama yake anajua gari litangoja. Mwalimu mkuu, Mwalimu Fuatino, akaniita ofisini, akanipa kiti, akanipa na kinywaji cha kakao, akaniambia kwa upole, "Nakushukuru kwa moyo wako. Kabla hujaanza kutusaidia, watoto hawa walikuwa hawachelewi."

Wakati huo wote Leitu na wenzake watano walikataa kupanda, wakaendelea kutembea, na walikuwa wanafika kabla yetu. Na Lagi, ambaye pikapu iliwashwa kwa ajili yake, alikuwa anakaa mbele katikati ya bibi wawili, gunia mapajani, hazungumzi. Mimi nikasema moyoni, hazungumzi lakini namwona.

Jumanne moja akaniambia tumbo linamuuma, hawezi kwenda shule. Nikamshika paji la uso, nikamlaza, nikaondoka na abiria wangu. Niliporudi nilikuta mkeka mtupu. Mama alikuwa nyuma anafua, akadhani nimeondoka naye. Bi Penina, sitaki kukumbuka. Nilikimbia ufukweni nikiita, nikaingia mashambani nikiita, majirani wakatoka, watu kama kumi tukawa tunamtafuta, mpaka mzee wa yule nguruwe, na ndiye pekee aliyetumia akili, akauliza kama kuna aliyeangalia shuleni. Alikuwa shuleni. Alikuwa amefika kabla ya pikapu, amekwishafagia uwanja na wenzake, ameketi darasani anafanya hesabu. Niliingia nikamkumbatia mbele ya darasa zima nikalia, naye akasimama kama ubao mpaka nikamaliza.

Jioni nikamuuliza kwa nini alinidanganya, mtoto ambaye hajawahi kunidanganya hata kwa kitu kidogo. Akaniambia, "Baba, ukweli nilikuambia mara nyingi. Ulikuwa unasema panda gari."

Pisila akasema basi, mwache atembee. Nikakubali, lakini kwa mdomo tu, kwa sababu Alhamisi yake nikawafuata. Niliinama nyuma ya ukuta wa mawe, wao wanapita barabarani wanacheka, mimi napita upande wa pili nimejikunja kama mwizi wa kuku, mpaka nyuma ya duka, na hapo nikagundua kwamba mbwa wa pale wananijua nikiwa ndani ya gari tu. Walikuwa watatu. Nilipanda ukuta, mmoja akanidaka shuka niliyojifunga kiunoni, ikabaki mdomoni mwake, nami nikabaki juu ya ukuta na chupi, nimeng'ang'ania mawe. Watoto wote wakasimama. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kucheka. Leitu akaja na fimbo kutoka kushoto, na Lagi wangu, huyu ambaye nilikuwa nahofia hata kivuli kitamuumiza, akaja kutoka kulia, akainama kama anayeokota jiwe, hata hakuokota, akainama tu, mbwa wote watatu wakakimbia. Akaichukua shuka, akaikung'uta mavumbi, akaiweka ukutani mahali ninapoweza kuifikia. Akaniambia taratibu, wengine wasisikie, "Baba, nenda nyumbani." Kisha akamshika mkono Ropati, mtoto mdogo wa miaka mitano ambaye kumbe kila siku hutembea naye, wakaenda.

Tangu hapo ananisalimia asubuhi na jioni, ananiambia shule ilikuwa nzuri, na ndio mwisho wa maneno. Akinamama bado wanaleta watoto mlangoni. Mke wangu anasema acha, mama anacheka mpaka anakohoa, nami kila asubuhi Lagi akitoka moyo unanipiga mpaka masikioni. Nikiacha halafu likatokea jambo, nitajiangaliaje? Na nikiendelea, naona namkuza mtoto ambaye atanificha kila kitu. Nifanyeje?

Ni mimi Mwenye Pikapu, Savai'i.

*

Mwenye Pikapu,

Kwanza pole. Kama meno ya yule mbwa yaligusa ngozi, acha kusikiliza redio, nenda hospitali ukachomwe sindano, kisha mtu atakusimulia niliyosema. Kama yaligusa shuka tu, kaa hapo hapo.

Nimefundisha shule za msingi miaka thelathini na mmoja, na nimeona wazazi wa kila aina, wasiojua mtoto yuko darasa la ngapi na wanaotaka kukaa naye dawati moja. Wewe si mzazi mbaya. Ningekuwa na wababa ishirini kama wewe ningestaafu nikiwa na nywele zangu zote. Lakini umefanya ujinga, na nitakuambia ulipo, maana unadhani ujinga huo uko kwenye pikapu, na mimi sioni hivyo.

Uko kwenye simu. Ulimwachia mtoto mkono, ukapokea simu, gari likaja. Hukumwambia mke wako, ukalibeba jambo hilo peke yako tangu Auckland, na kila asubuhi unaliwasha na pikapu. Binti yako amekudanganya mara moja, tena kuhusu tumbo, ukaingia darasani ukalia. Wewe umemficha mama yake zaidi ya miaka miwili na umenieleza mimi, mtu wa redio, kama unayetaja hali ya hewa. Leo, kabla ya chakula, mwambie Pisila. Atakasirika. Mwache akasirike. Akimaliza utakuwa na mtu wa kuogopa naye, na hofu ya watu wawili haisikiki sana masikioni kama ya mmoja.

Usifikiri nakucheka kwa mbali. Mwanangu wa kiume nilimvusha barabara mpaka darasa la sita, nikiwa mwalimu wa shule hiyohiyo, na sikuona aibu. Sasa ana miaka thelathini na minne. Mwaka jana tulikuwa mjini Apia, tumefika ukingoni mwa barabara, akaninyooshea mkono akiwa anatazama upande mwingine, mbele ya mkewe, bila hata kujua anafanya nini. Mkewe alinitazama. Mimi nikatazama magari.

Sasa mtoto wako. Wewe unasema ulihofia atadhurika njiani. Hebu ukumbuke uliyoyaandika kwa mkono wako mwenyewe. Ana kiongozi mwenye fimbo. Anajua mbwa wanaogopa nini, na wewe hujui. Anafika mapema, anafagia, na amepewa mtoto wa miaka mitano amshike mkono. Mtu aliyepewa mtoto wa kushika halafu baba yake anamfuata nyuma ya ukuta, unadhani anajisikiaje? Hakukuambia nenda nyumbani kwa dharau. Alisubiri wengine wasisikie. Hiyo ni heshima, na kwa hali uliyokuwa nayo ulipata nyingi kuliko uliyostahili.

Hofu yako nisikuambie uitupe, maana haitupiki. Ipe kazi. Mbwa watatu nyuma ya duka ni hatari ya kweli, leo wamekula shuka, kesho watakula kisigino cha Ropati. Nenda kwa baraza la matai, wakuu wa koo, simama, sema mbwa wafungwe mpaka mtungi wa shule ugongwe. Watacheka, kwa sababu habari zako wanazo. Wakimaliza kucheka watakubali, kwa sababu nao wana wajukuu. Kisha itembee barabara yote kwa miguu yako, si kwa gari, uangalie wapi dereva hawezi kumwona mtoto. Kama kuna kona yenye kichaka, kifyeke. Kama kuna mahali maji hupita barabarani mvua ikizidi, hapo na siku hiyo pikapu ina kazi, na mtu mzima anapaswa kuwepo, iwe ni wewe au mwingine. Hiyo ndiyo kazi ya mzazi wa mtoto wa miaka minane, kuitengeneza njia. Kuitembea mwachie mwenyewe.

Kuhusu wale kumi na tisa, mwombe mchungaji nafasi baada ya ibada Jumapili hii, utangaze kwamba kuanzia Jumatatu gari ni la siku za mafuriko tu. Usieleze sana. Akinamama watanuna siku tatu, ya nne wataanza kuwasuka watoto mapema. Wale bibi wa magimbi uendelee kuwabeba, hao magoti yao nayajua, lakini uondoke nao watoto wakishaingia darasani. Nguruwe amua mwenyewe.

Na nenda kwa Leitu. Ndiyo, mtoto wa dada yako, wa miaka kumi na miwili. Mwombe radhi kwa kumwambia asante ile asubuhi ya kwanza kama vile alikuja kuuza kitu. Mwombe siku moja, moja tu, utembee na kundi lake, nyuma, kimya, kama mgeni. Akikataa, umekataliwa, usiende kwa dada yako kushtaki.

Halafu umwache Lagi. Asubuhi mpe chakula chake, usimwambie angalia magari, amelisikia hilo tangu akiwa tumboni. Kaa na moyo wako unaopiga, utapiga, utatulia, utapiga tena keshokutwa, wala si ugonjwa. Na atakaporudi mchana usimuulize kama alivuka salama. Akiwa amesimama mbele yako anaongea, jibu unalo. Muulize nani alimchekesha njiani. Kisha keti chini, na lolote atakaloanza kukuambia, hata kama limo gari, mbwa au mti alioupanda, usimkatize mpaka amalize.

Penina