Flashi ya Nyimbo

Mwenzangu, nimemkosea binti yangu.

Kompyuta yetu yenye mifumo miwili, Windows na Linux, imegoma kuwaka leo. Kioo cheusi, eti hakuna mfumo. Nikamgeukia binti: "Ni hiyo Linux uliyoiweka. Kazi yangu ya darasa la jioni imepotea."

"Mama, sijagusa kitu."

Nikamwambia aache uongo. Uongo, mwenzangu. Mbele ya fundi niliyemwita.

Fundi akainama nyuma ya mashine, akachomoa flashi. "Kompyuta inatafuta mfumo humu, inakuta kwaya." Ikawaka. Mifumo yote miwili ipo, na kazi yangu ipo.

Flashi yangu ya nyimbo za maombi. Niliichomeka mwenyewe jana.

Binti akasema tu, "Pole, mama." Yeye ndiye kanipa pole.

Sasa nimepiga magoti niombe, maneno hayaji. Ngoja nikagonge mlango wake kwanza.