Mama Yako na Greda Lake

Tarehe 9 Februari

Mwanangu Kifungo,

Salamu zikufikie wewe na mkwe wangu. Natumaini mimba yako inakua vizuri na miguu yako imeacha kuvimba. Sisi huku tunaamka na tunalala, cherehani inakwenda, na mama yako anaondoka alfajiri na buti zake kama unavyomjua.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba yetu unaielewa, mtu akikohoa sebuleni anapewa pole kutoka jikoni. Na jambo lenyewe mama yako amenikataza kulisema. Ana kitu kifuani, upande wa kushoto. Mimi nimekijua kwa bahati, nilipokuwa nampima gauni. Nilizungusha utepe wa kupimia akaruka kama nimemchoma sindano. Nilipouliza akasema ni msuli, ni kung'ang'ana na usukani wa greda kutwa nzima. Mimi nimepima watu tangu ujana wangu, na msuli naujua.

Nikamwambia twende hospitali. Akasema barabara ikamilike kwanza kabla ya mvua, maana akikosekana siku mbili msimamizi wao atapandisha mtu mwingine kwenye greda lake, na huyo mtu hatashuka. Sasa nimekwama. Usimwambie kwamba nimekwambia.

Baba yako

Tarehe 21 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Mjukuu wako anapiga mateke hasa nikitaka kulala, mume wangu anasema huyo karithi kwa bibi yake.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Baba, naomba niseme kwa heshima zote. Hicho si kitu kifuani. Ni uvimbe kwenye titi. Najua neno hilo linakukaa vibaya mdomoni, nimekua nikikuona ukipima wake za watu huku unatazama dari. Lakini ukienda kwa daktari ukasema kitu kifuani, atampima kikohozi.

Nimemuuliza mkunga wangu hapa kliniki. Anasema uvimbe mwingi si saratani, ila hakuna wa kujua kwa kutazama. Watachukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano wakakipime. Na kama ni yenyewe, tofauti kubwa ni kuwahi.

Usimwambie mama nenda, maana akiambiwa nenda hukaa. Funga duka, vaa viatu vyako vya heshima, simama mlangoni na useme tu: twende. Mimi nami nitakuja, nimeanza kuulizia safari.

Mwanao, Kifungo

Tarehe 17 Machi

Mwanangu,

Habari za huko, na habari za tumbo? Huku tunashukuru kuona kunakucha.

Nilifanya ulivyosema. Nilisimama mlangoni na viatu vyangu, mama yako akanitazama kuanzia chini mpaka juu, akauliza nani amekufa. Nikasema hajafa mtu, twende. Alizungukazunguka akitafuta kisingizio, mwishowe akachukua mkoba.

Kwenye benchi nilikuwa mwanaume peke yangu. Muuguzi akanijia kwa huruma kabisa, akasema, "Mzee, kliniki ya macho ni jengo la pili." Nikamwambia niko na mke wangu. Wale akina mama wakasogea wakanipa nafasi, na mmoja akanigawia njugu.

Majibu tumepata jana. Ni saratani, Kifungo. Ya titi. Nimeandika, umeona. Daktari ni mama mmoja mpole, haharakishi maneno. Alisema haijasambaa mbali. Watalitoa titi lote, kisha dawa za dripu miezi kadhaa. Akauliza kama tuna swali. Mama yako akasema, "Nitarudi lini kuendesha?"

Daktari akauliza, "Gari gani, mama?"

"Greda."

Daktari akaweka kalamu chini, akamtazama vizuri, akasema, "Basi tutakutibu kama mwendesha greda."

Tulipotoka nje alitembea mbele yangu njia nzima. Sikumfuata kwa karibu, nilijua analia.

Sasa nisikilize. Usije. Mimba hiyo ni kubwa, na mkunga wako keshakukataza, mkwe wangu ameniambia. Ukija hapa nitakuwa na wagonjwa wawili, na mimi mikono ni hii miwili. Mama yako pia anasema usije. Ndiyo, amejua tunaandikiana, aliikuta bahasha yako kwenye sanduku la vitambaa. Alinuna kutwa moja, halafu akauliza kama umeandika lolote jingine.

Baba yako

Tarehe 29 Machi

Baba,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya mama, mpelekee mkononi.

Nimetii. Nimefungua sanduku la safari nimetoa nguo, nimezikunja upya, nimelia, nimemaliza. Sikutegemea kwamba siku mama anahitaji mtu, mtu huyo hatakuwa mimi. Lakini nimesoma ile ya benchi nikacheka peke yangu, na mume wangu nikamsomea. Akasema, mzee wako ni mwanaume. Nikamwambia ndiyo kwanza unajua?

Muulizeni daktari mambo haya: mkono wa kushoto utafanya kazi kama zamani? Aanze lini mazoezi? Homa ikimpata katikati ya dawa, tukimbilie wapi? Hilo la homa mkunga amelirudia sana, kwa hiyo nami nalirudia. Homa si ya kusubiri kukuche.

Mwanao

Tarehe 25 Aprili

Kifungo wangu,

Hujambo, na mume hajambo? Tumbo limeshuka?

Wamelitoa. Mama yako amerudi nyumbani na mrija ubavuni wa kutoa maji ya kidonda, na amri zake zimeongezeka. Hawezi kuinua mkono kupitisha nguo kichwani, basi nimekaa nikamshonea blauzi tano za vifungo mbele, na mfuko wa ndani wa kubebea kile kichupa cha mrija. Muuguzi wa kidonda akaniuliza nimenunua wapi. Nikasema nina fundi wangu.

Kila asubuhi anasimama ukutani dukani, anapandisha vidole vya kushoto taratibu kama buibui, na mimi naweka alama ya chaki alipofika. Siku ya kwanza alifika usawa wa kiuno akatukana ukuta. Leo amepita bega.

Shangazi yako alikuja kutuona. Akanivuta uani kabla watu hawajajaa, akasema, "Kaka, wageni waambie ni presha. Mambo ya matiti ya mkeo utayaweka sebuleni?" Nikamwambia nitaona. Wakaja majirani, wakaja na wale vijana wenye makoleo anaofanya nao kazi barabarani, sebule ikafurika. Mmoja akauliza mama anaumwa nini hasa. Shangazi yako akakohoa. Mama yako alikuwa ametazama mikono yake, na mimi sijawahi kumwona akiinamisha kichwa mbele ya watu.

Nikasema, "Mke wangu ana saratani ya titi. Amekatwa, anaendelea na matibabu. Chai iko tayari."

Halafu mama mmoja jirani, yule muuza mkaa, akasema taratibu kwamba naye ana kitu, tangu mwaka jana. Mama yako akainua kichwa. Akamwambia, "Kesho saa moja uwe hapa." Na kesho yake walikwenda hospitali wote wawili, mama yako akiwa na mrija wake ubavuni.

Baba yako

Tarehe 2 Juni

Baba na Mama,

Shikamooni. Nimejifungua. Ni msichana, mzima, ana sauti ya kusimamisha kazi. Mlisikia kwenye simu, lakini kwenye karatasi nataka niseme ambayo sikuweza kuyasema mume wangu akiwa ameshika simu.

Namnyonyesha na kumbukumbu zote zinanijia. Nawaza kwamba ni lile titi la kushoto la mama lililonikuza, maana mwenyewe husema la kulia nilikuwa nalikataa. Mama, nilitaka kukusikitikia, nikashindwa. Kila nikikuwaza najikuta nimekaa wima.

Baba, mbona kimya? Simu ukipokea unasema anapumzika. Juzi anapumzika, jana anapumzika. Mama yangu tangu lini anapumzika mchana?

Mwanenu

Tarehe 18 Juni

Baba,

Shikamoo. Mtoto mzima, mimi mzima, siandiki mengi. Simu yako imezimwa. Niandikie hata mstari mmoja. Ukweli nauweza. Kimya ndicho siwezi.

Mwanao

Tarehe 26 Juni

Mwanangu mpendwa,

Nisamehe. Anaishi. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umetulia. Mbusu mjukuu wangu kwa niaba yangu.

Baada ya dripu ya tatu, homa ilimpanda akiwa anakula. Nilikumbuka maneno yako, sikusubiri. Nilimwita muuza mkaa, tukampakia kwenye gari la kwanza lililosimama. Daktari alisema dawa zimepunguza kinga ya mwili na angechelewa kidogo tungesema mengine. Walimweka chumba cha peke yake, mimi nikiruhusiwa kwa barakoa. Nilikuwa nashinda na kulala huko. Simu iliisha chaji sikumbuki lini, na kalamu nilikuwa nayo, Kifungo, ila kila nikiandika "mama yako" sikujua neno linalofuata.

Alipopona homa akasema basi. Inatosha. Nywele zimekwisha, chakula hakipiti, ulimi una vidonda, na titi wamekwisha kulichukua, wanataka nini tena? Daktari alieleza, muuguzi alieleza. Akageukia ukuta.

Mimi sikuwa na maelezo. Nilivuta kiti, nikamwambia, "Mimi naogopa."

Akageuka akanitazama kama mtu aliyesikia cherehani ikizungumza. Katika ndoa yetu yote sijamwambia neno hilo, hata ule mwaka duka lilipoungua.

Akasema, "Unaogopa nini?"

Nikasema, "Kukukosa."

Kisha akasema, "Na wewe nawe. Ungesema mapema." Akamwita muuguzi, akauliza dripu ya nne ni lini.

Sasa tuko nyumbani. Anakula uji. Picha ya mjukuu ameibandika ukutani na ameanza kuikosoa, anasema kofia uliyomvisha ni kubwa.

Baba yako

Tarehe 10 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Kofia nimebadilisha, mwambie.

Barua yako nimeikunja nimeiweka chini ya mto. Sijui nikuite nani sasa, maana yule baba niliyemwacha huko alikuwa hasemi hata kama shati limembana. Nilikuwa najiona natoka kwenye damu ya mama tu, mwanamke wa mashine kubwa. Sasa natembea nikijua kwamba ninao wawili.

Wiki iliyopita na mimi nilimwomba daktari wa hapa anipime na anifundishe kujipima. Niko salama mwanenu. Nimewapeleka na wanawake watatu ninaofanya nao kazi. Walipouliza nimeyajulia wapi haya, nikasema baba yangu ndiye kaniandikia.

Kifungo

Tarehe 30 Oktoba

Mwanangu,

Natumaini barua hii itawakuta mnacheka, mtoto akiwa anakaa bila kushikwa. Sisi huku afya ipo, na habari zipo.

Dripu zilikwisha, na mionzi waliyomwongezea nayo imekwisha. Kipimo cha mwisho daktari amesema haoni ugonjwa. Atamwangalia kila baada ya miezi michache, hatuimbi bado, lakini tunanong'ona.

Nimemshonea titi la kuweka ndani ya sidiria. La kwanza nilijaza pamba, likawa jepesi, akiinama linapanda shingoni. La pili nikatia mchele, akasema anaonekana kama mtu aliyeiba dukani. "Fundi gani wewe," akasema, "wateja wote unawapatia, mkeo ndiye unamkosea." La tatu limekaa, pamba kwa nje na mtama kidogo katikati kwa ajili ya uzito. Muuza mkaa, ambaye naye alikatwa, ameagiza, anaendelea vizuri, na wengine watatu kutoka kliniki. Nawapima huku nawatazama machoni.

Halafu kazi. Msimamizi alikuwa amempandisha kijana kwenye greda, kama ilivyotarajiwa. Akamwambia mama yako kwa upole kwamba atampa kiti ofisini, aandike majina ya wanaoingia. Mama yako akamjibu, "Nimekatwa titi. Sikukatwa mikono." Akamwekea mezani karatasi ya daktari, akakaa palepale ofisini kusubiri. Alisubiri mpaka watu wa zamu ya mchana wakaanza kuingia. Wale vijana wa makoleo waliokuja kunywa chai kwetu wakaingia mmoja mmoja kusalimia, na kila aliyeingia hakutoka. Msimamizi akaona ofisi imejaa, akatoa funguo. Yule kijana amepewa shindilia, ile mashine ya kukandamiza udongo, na mama yako anamfundisha.

Jana nilifunga duka nikaenda kuona. Miaka yote hii nimefua vumbi la nguo zake na sijawahi kumwona kazini, nilikuwa najiambia kuna vumbi, kuna makelele. Nikasimama pembeni ya barabara. Greda lilikuja kutoka kwenye kona, kubwa kuliko duka letu, na huko juu kabisa yuko yeye, kofia kichwani, nywele ndogo zimeanza kuota kando ya masikio. Mkono wa kushoto ulikuwa unavuta na kusukuma vile vyuma bila yeye hata kuutazama.

Mwendesha baiskeli mmoja akasimama karibu yangu, akaniuliza, "Mzee, unamsubiri nani?"

Nikasema simsubiri mtu, namtazama mke wangu.

Akatazama juu. Akashuka kwenye baiskeli, na yeye akatazama.

Mama yako akaniona. Akapunguza moto, akachungulia dirishani, akauliza kwa ile sauti yake, "Duka umemwachia nani?"

Nikasema, "Nimefunga. Nimekuja kukutazama."

Wale vijana wakaegemea makoleo yao wakacheka. Mama yako alishusha kofia usoni, akarudi kinyumenyume mpaka mbali, akateremsha lile bamba la kukwangua, akapita tena mbele yangu, taratibu, akiwa ameketi wima kabisa. Na mimi ni fundi cherehani tu, lakini hata mimi niliona kwamba pale palikuwa pameshanyooka tangu mwanzo, hapakuhitaji kukwanguliwa tena.

Baba yako