Tairi Nilizozichagua Mimi

Skarstad Ridge,
Wisconsin,
23 Mei 1987.

Mpendwa Dada Ardis,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini wewe na shemeji Clarence hamjambo, na kwamba goti lake limepata nafuu kwa joto la huko Arizona. Huku mvua haijatuacha tangu Pasaka. Mimi ni mzima, ukiacha mtulinga, mfupa huu wa bega la kushoto, uliovunjika, lakini hilo unalijua. Umelijua kwa barua ya mdogo wetu Verlyn, na ndiyo sababu naandika nikiwa na hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Nimeisoma barua uliyomwandikia. Aliiacha mezani kwangu, nadhani makusudi. Umesema, "Ione ni mbishi tangu utoto. Kama umeona wakati umefika wa kumhamishia kwenye nyumba za wazee mjini, mimi sina neno." Huna neno! Miaka sitini na sita umenijua, Dada, na hukuona hata haja ya kunipigia simu. Sasa tulia usome. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Lile trekta dogo la bustani aliloniachia marehemu mume wangu Orville unalikumbuka. Kufika Machi tairi zake za nyuma zilikuwa zimekwisha, kipara kitupu, zimepasuka mbavuni. Nilifikiri wiki mbili nzima. Tairi laini za nyasi zinautunza uwanja wa mbele, lakini kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa zinajaa tope na kuteleza kama sabuni. Na shamba la viazi, lile la Mama, liko mteremkoni juu ya banda. Wewe mwenyewe ulishabingirika pale na kikapu chako. Basi nikachagua tairi za kilimo, zile zenye kashata ndefu, yaani meno ya mpira, zilizopangwa kama mishale, zinazouma ardhi. Najua zinachimbua nyasi ukikata kona. Nilishaamua kuvumilia hilo. Nikanakili namba za ubavuni nyuma ya karatasi ya ibada, nikaenda mjini.

Pale duka la vipuri siku hizi yuko bwana mmoja anaitwa Duane, mtu mzima na ndevu zake. Aliisoma karatasi yangu, akacheka kidogo.

"Bibi, hizi zitakuharibia uwanja."

"Uwanja ni wangu."

"Na mzee nyumbani anasemaje?"

"Mzee yuko makaburini, mwaka wa sita huu. Nenda kamuulize, akikujibu uniambie."

Akaandika oda.

Kumbe maneno yake hayakuishia hapo. Verlyn alikwenda pale kutafuta chujio la mafuta, Duane akamsimulia kisa changu kwa vicheko, na mdogo wetu akaibadilisha oda. Oda yangu, Ardis! Nilirudi kutoka kushona mablanketi na akina mama wa kanisa nikakuta trekta limeshavaa tairi za nyasi, mpya zinang'aa, naye amesimama pembeni anajifuta mikono kama aliyefanya ibada.

"Nimekuokoa, dada," akasema. "Ungeufanya uwanja wa Mama kuwa zizi."

Nilimfukuza na kikombe chake cha kahawa mkononi. Nikapiga simu dukani, nikaambiwa nyingine zitachukua wiki tatu. Viazi vya mbegu vilikuwa vimeshachipua sandukuni.

Hapa kosa ni langu na nalisema. Tarehe ishirini na nane Aprili, baada ya mvua ya siku mbili, nilipanda mteremko na plau nyuma. Nilipofika katikati magurudumu yakavaa tope, yakazunguka bure, kisha trekta zima likaanza kurudi kinyumenyume huku likigeuka ubavu. Nilikanyaga breki. Breki zilishika, tairi hazikushika. Trekta likaishia kwenye uzio, mimi kwenye mawe. Nililala pale nikitazama mawingu, nikiogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, mpaka dereva wa lori la maziwa aliponiona.

Verlyn alikuandikia siku hiyo hiyo, akiwa kwenye benchi la hospitali. Nimemuuliza: "Katika kurasa zote tatu ulizomwandikia Ardis, neno tairi limo?" Akaangalia viatu vyake. Alikwambia nimezeeka, macho hayaoni, akili inahama. Juu ya oda aliyoibadilisha, kimya!

Basi Jumamosi ya pili baada ya ajali, mkono wangu ukiwa umefungwa kitambaa shingoni, nilimwambia alipande trekta yeye.

"Na mvua hii?"

"Mvua hii hii. Plau imeshafunguliwa. Wewe si kijana? Miaka sitini na moja tu."

"Ione, acha utoto."

"Panda, au uondoke hapa na usirudi na habari za nyumba za wazee."

Akapanda. Sikumpeleka mbali, pale chini tu, ambapo hata ukiteleza unaishia tambarare. Hakwenda hatua kumi. Magurudumu yakalia, tope likaruka mpaka kofiani kwake, na trekta likamrudisha chini ubavuubavu, taratibu, yeye ameshika usukani kwa mikono miwili na macho yamemtoka. Liliposimama hakushuka. Alikaa pale mvua inamnyeshea, uso mweupe kama unga.

"Sikujua," akasema.

"Hukuuliza."

Jumatatu alileta tairi za kilimo mwenyewe. Akapiga jeki, akafungua nati, akahangaika na rimu tangu asubuhi. Ya kwanza aliifunga kinyume, mishale ikiangalia nyuma. Ncha ya mshale ndiyo hutangulia kugusa ardhi, la sivyo tope haliondoki. Niliona mapema, lakini nilimwacha akaze mpaka nati ya mwisho ndipo nikamwambia. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Viazi vimeshapandwa. Daktari amenikataza kuendesha mpaka Juni, kwa hiyo Verlyn alilima na mimi nikatembea pembeni nikimpigia kelele. Tairi hazikuteleza hata mara moja. Mbele ya ukumbi kuna makovu mawili ya kona alizokata, udongo mtupu. Nayatazama kila asubuhi na wala hayaniumi.

Nyumba hii sihami, Dada. Yale maneno yako yafute kwa mkono wako mwenyewe, uniandikie mimi, si yeye. Ulipomjibu bila kuniuliza uliniumiza kuliko yale mawe.

Msalimie sana Clarence, na binti yenu Karlene na mumewe. Akina mama wa kanisa wanakukumbuka kwenye sala. Mungu awalinde na jua la huko, awape usingizi mtamu na afya.

Verlyn hakuniagiza salamu kwa sababu hajui kama naandika. Yuko nje anatengeneza uzio, na sasa hivi ameita kuuliza kama kuna kahawa. Kahawa nitampa. Msamaha bado.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata leo,
Ione