Muhuri Namba Thelathini na Saba

Fundi Shaabani,

Nakusalimu, ingawa najua leo salamu yangu haitapata jibu. Ni mimi Hamisi, yule uliyemtoa kwenye kufagia vumbi la chuma ukamweka mbele ya tanuri. Tangu Ijumaa naogopa, na hapa mtaani Small Heath, ugenini kwa Waingereza, sina wa kumwambia isipokuwa wewe.

Nimeutumia muhuri wako.

Nilipotumwa kusafisha kabati lako niliukuta kwenye mfuko wa ovaroli, umefungwa uzi, pamoja na ile senti kumi yako yenye tundu. Nilitaka kuurudisha ofisini. Msimamizi wetu, Bwana Harold, akaniuliza kama nimefaulu mtihani wa kuandika. Alijua jibu. Nimeanguka mara mbili; mikono inaijua kazi, ila maswali ya Kiingereza yananipita. Bila mtihani sipewi muhuri wangu, na bila muhuri paneli ya injini ya ndege haitoki kiwandani. Akasema, "Tumia wa mzee mpaka ufaulu." Na kwa kuwa marehemu hapigi muhuri, kila kadi ya paneli tukaiandika tarehe ya nyuma, ya siku zile ulipokuwa bado unakohoa pembeni yangu. Ndivyo ulivyoendelea kufanya kazi kiwandani Saltley, Fundi, miezi baada ya sisi kukuzika.

Mwanzoni nilifanya kama ulivyonifunza. Bati lenye vitundu mbele, sega kama la nyuki katikati, bati zima nyuma, gundi, kisha tanuri. Halafu senti kumi. Uligonga paneli inchi kwa inchi umefumba macho, kama mama anayepapasa mchele kutafuta chuya. Sauti kavu, gundi imeshika. Sauti nzito, pale pana uvungu. Wale wa maabara walileta mashine yao wakakukuta umeshamaliza. Ukaniambia, "Mashine wanaiamini wao. Mimi naiamini senti ya nyumbani."

Ulikuwa unaipenda kazi ile kuliko mimi. Mimi nilikuja kutafuta mshahara. Wewe ulitaka kujua kila kitu: kwa nini serikali inagharamia utafiti huu, sauti ya injini inaingiaje kwenye vitundu isitoke, wenzetu wa kiwanda kingine watapunguzaje moshi. Uliposikia kwamba yote ni kwa ajili ya watu wanaokaa karibu na viwanja vya ndege, wapate kulala, ulicheka mpaka kikohozi kikakukamata. "Waingereza wameita watu wawili wa Tanga waje kuiziba ndege mdomo." Na ndege ikipita juu ya paa letu ikishuka uwanjani, vikombe vikilia mezani, ulitazama dari ukasema, "Huyo hajavaa yetu." Kila siku maneno yaleyale, na kila siku nilicheka.

Sasa nikwambie nilichofanya.

Wachimba makaa walipogoma, umeme ukawa unakatwa kwa zamu. Adhuhuri moja nilikuwa na paneli mbili tanurini, na lori la wateja linasubiriwa jioni ileile. Umeme ukakatika. Nilikaa mbele ya tanuri nikitazama mshale wa joto ukishuka. Uliniambia mwenyewe, na si mara moja, "Tanuri likipoa katikati, kazi imekufa. Usiifufue." Umeme uliporudi niliifufua. Niliongeza muda, nikaandika kwenye kitabu cha tanuri, kwa tarehe ileile ya nyuma, kwamba joto halikushuka. Nilimwogopa Bwana Harold. Niliogopa aseme ndiyo maana huyu hafaulu.

Nilizigonga zote mbili kwa senti yako, Fundi. Nilisikia. Kona ya chini, zote mbili, sauti nzito. Nikagonga tena taratibu, kana kwamba nikigonga kwa adabu zitajibu vizuri. Kisha nikapiga muhuri. Thelathini na saba, thelathini na saba.

Ijumaa mkaguzi wa serikali alikuja na moja kati ya hizo ndani ya sanduku. Ilibanduka injini ikiwa inajaribiwa ardhini, kipande kikavutwa ndani, mapanga ya injini yakavunjika. Hakuna aliyeumia. Mkaguzi ni mtu mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Akauliza thelathini na saba ni nani.

Bwana Harold akavua kofia. Akasema, "Ni mzee wetu mmoja, amefariki. Mwishoni alikuwa mgonjwa sana, mikono ilikuwa imemchoka." Wenzangu wakatazama sakafu. Mkaguzi akatoa pole. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, muhuri wako umo mfukoni mwangu, unanigusa paja.

Baadaye nilimfuata Bwana Harold kwenye chai. Akaniwahi. "Hamisi, maiti hafukuzwi kazi. Wewe unafukuzwa, na mimi pia." Akanigonga bega, akaenda zake.

Lakini haiishii hapo. Kwa kuwa tarehe ya kadi ni ya zamani, mkaguzi haulizi habari za umeme. Alitazama paneli zako nyingine za siku zile, zote nzima, akasema basi hii moja ni bahati mbaya. Ile ya pili imeshafungwa kwenye ndege ya majaribio. Inaruka Jumatano, na watu ndani. Hapa duniani ni mimi peke yangu ninayejua kwamba zile mbili zilikuwa tanurini pamoja umeme ulipokatika.

Naogopa kufukuzwa, naogopa polisi, naogopa kurudishwa Tanga mikono mitupu. Halafu nawafikiria wale watu wa Jumatano, na hofu zangu nyingine zinakuwa ndogo, lakini haziondoki. Namfikiria na Zuhura, binti yako. Ulipofariki, kiwanda kilimwandikia kwamba haijapata kurudi hata paneli moja yenye namba ya baba yake. Ameitia ile barua kwenye fremu. Aliniandikia mwenyewe kwamba wageni wakifika anawasomea.

Leo, baada ya adhuhuri, nilikuja kaburini kwako. Ulinisikia? Nilikuja na muhuri. Sitakuficha: sikuja kukuombea. Nilikuja kuuzika. Nilisema moyoni, mwenyewe yuko hapa, namba yake na ikae naye, nani atafukua? Nilichimba kwa kidole penye miguu yako. Udongo wa huku ni mzito, unaganda kucha. Nikauweka, nikaanza kuufukia.

Ndege ikapita. Ilikuwa chini sana, nikainama. Na mdomo wangu ukasema peke yake, "Huyo hajavaa yetu." Nikasema alhamdulillahi.

Hapo ndipo nilipolia, Fundi. Wewe ulikuwa ukiyasema maneno yale kwa hamu, unaingoja ndege moja ije ipite kimya juu ya nyumba yetu. Mimi nimemshukuru Mungu kwamba ndege haikuvaa kazi yetu. Hayo ndiyo niliyokufanyia.

Nimeuchukua muhuri. Uko hapa mezani, nimeuosha. Nimeandika kwenye karatasi sentensi moja ya Kiingereza, nami naisoma kwa sauti mpaka baba mwenye nyumba, yule Mpakistani, kagonga ukuta. Inasema: hizi mbili nilizichoma mimi, umeme ulikatika, mzee alikuwa ameshakufa. Mkaguzi atakuwa ofisini kesho asubuhi. Simu sijui nimpigie nani, basi nitatangulia langoni kabla ya king'ora, nimkute anashuka kwenye gari, Bwana Harold hajafika. Kama hataelewa Kiingereza changu, nitatoa senti yako nigonge ile kona ya paneli iliyorudi, kisha nigonge nzima, asikie mwenyewe. Halafu nitamwomba anipeleke kwenye ile nyingine.

Mtihani nimeshaanguka tena, ule wa Ijumaa mbele ya mkaguzi, bila kuandikwa jina. Naogopa sana. Nakwambia hili ili usidhani mtu aliyesimama langoni kesho ni shujaa.

Nakuomba radhi. Kama wakinifunga au wakinirudisha kwetu, nitapita kwa Zuhura nimwambie mwenyewe kwamba paneli mbovu zilikuwa zangu, na ile barua ya ukutani ni ya kweli, neno kwa neno, asiishushe. Muhuri nitawaachia wao. Senti nitabaki nayo, kama unaniruhusu.

Pumzika, Fundi wangu. Jumatano, panapo majaliwa, ndege ile itabaki chini. Ukisikia kimya, ujue nimesema.

Hamisi wako