Fil ya Kushoto Peke Yake

Kapata, tarehe 9 Septemba 1984

Yaya Ndaya mupendwa,

Mudogo wako Mukendi anakusalimia sana. Munaamuka namna gani kule Kisenge, bwana yako na batoto? Kikohozi ya Tshiela ilipona? Siye huku tuko bazima. Mama goti linamuuma, lakini anaenda ku shamba, na anakutaja kila siku.

Yaya, ninakuletea habari ya Séraphin, mukubwa wa korali yetu. Unakumbuka, mutoto wake alipokufa, alisimama mbele ya korali yote akasema ni weye ulimuroga. Batu bakaanza kukukimbia pa bomba ya maji, mpaka mukahamia Kisenge. Mi nilibakia fundi wa sauti mu korali. Miaka tatu nilimusalimia kila siku ya Mungu, na nilikuwa ninamungojea.

Juma iliyopita korali ilifanya fête ya miaka kumi, mu kiwanja ya kanisa. Bafle zetu mbili, zile spika kubwa za kutoa sauti, ziliungua, tukaazima moja ndogo, ya kubeba na mukono, yenye tundu moja tu ya kuingizia fil, ile waya ya sauti. Lakini table ya mixage, ile mashine ya kuchanganya sauti, inatoa sauti mu fil mbili, ya kushoto na ya kuume. Kila fundi anajua: unaunganisha zote mbili pamoja, ao unaweka sauti zote katikati, hakuna yenye itapotea.

Mi nilipeleka guitares na korali kushoto, na micro ya Séraphin kuume kabisa. Kisha nikaingiza fil ya kushoto peke yake. Alijaribu na casque yangu ya masikio, yenye inasikia fil zote mbili, akajisikia muzuri, akanishukuru.

Alisimama na abacost mupya, ile koti ya heshima, akaimba mikono juu, mishipa ya shingo imevimba. Bafle ilitazama batu, yeye nyuma yake hakujua: guitares zinalia kwa nguvu, yeye sauti hakuna. Batoto bakacheka, bamama bakacheka, mpaka Henriette, bibi yake wa ndoa, akafunika uso. Yaya, ile kicheko ilinishukia kama maji ya baridi mu koo.

Sasa yenye sijaambia hata mama. Katikati ya wimbo, guitares na korali zikiendelea, aliacha kuimba, akasema. Mi peke yangu nilimusikia, mu casque: « Ndugu zangu, Ndaya hakuroga mutoto wangu. Nilimusingizia juu ya uchungu. Ndaya, unisamehe. »

Kidole yangu ilikuwa juu ya bouton ya micro yake, ile ya kurudisha sauti kushoto. Kuigeuza kidogo, Kapata yote ingesikia. Sikuigeuza. Nilitaka bamucheke mpaka mwisho.

Jana nilienda kumuomba aseme tena. Akanijibu: « Nilisema mbele ya batu bote, bakanicheka. Sitarudilia. » Sikuweza kumuambia kama hakuna mwenye alisikia.

Basi huku bado banakuita mulozi, na sasa ni juu yangu. Ukiniuliza kama ninajuta: kwako, ndiyo, mpaka kula kunanishinda. Kwake, hapana.

Tata Barnabé anapanda train leo, njo atakupa hii barua. Busu batoto. Hata kama umenikasirikia, uandike.

Ni miye mudogo wako,
Mukendi